Vidonge Vitamu na Mguu wa Mzee Omari

Kabla hamjanicheka kwamba nilimaliza ujana wangu nikigawa peremende, nipeni nafasi niseme. Najua mnavyoniita ninyi vijana wa leo, mliosomea famasi na mnaouza dawa kwa simu, picha ya chupa na maneno matatu chini yake. “Bi. Siti wa peremende.” Jina hilo nimelisikia kwa masikio yangu sokoni Ukunda, tena limesemwa na kijana niliyempakata akiwa mchanga. Sikukasirika. Niliendelea kuchagua nyanya zangu, kwa sababu kuna mguu mmoja huko Shimoni unaosimama mpaka leo kwa kazi ya hizo peremende, au tuseme kwa kazi ya kujua pale peremende zinapokoma. Mwenye mguu yu hai. Nendeni mkamuulize.

Nitafika kwenye mguu huo. Lakini nikianza nao mtadhani ilikuwa bahati, na mimi sitaki bahati ichukue sifa zangu.

Jina langu ni Mwanasiti, mzaliwa wa Msambweni. Kwa miaka mingi nilikuwa mtoa dawa katika kliniki ndogo ya homeopathi nyuma ya maduka ya Ukunda. Mwenye kliniki alikuwa Mama Nduku, Mkamba aliyeletwa pwani na kazi ya mumewe hotelini, akapapenda asirudi tena bara. Yeye alikaa chumbani na mgonjwa akimhoji. Mimi nilikuwa dirishani, nikitia vidonge chupani na kueleza namna ya kuvitumia. Kila neno la mwisho ambalo mgonjwa alisikia kabla ya kwenda zake lilitoka kinywani mwangu, na ninyi mnaokaa madirishani leo msiidharau nafasi hiyo.

Kwa wale msioijua tiba yenyewe, ni hivi. Huchukuliwa mmea, au madini, au hata sumu, likatiwa tone moja katika maji na spiriti, yakatikiswa sana. Kisha tone moja la maji hayo hutiwa katika maji mengine, yakatikiswa tena, na tena, mpaka ukiuliza kilichobaki humo jibu la kweli ni kwamba karibu hamna. Maji hayo ndiyo hunyunyizwa kwenye vidonge vya sukari, vidogo kuliko mtama. Madaktari wa hospitali walisema humo hamna kitu. Mama Nduku alisema kimo. Mimi niliona watu wakitoka chumbani wamechangamka, na wengi walichangamka kabla hawajatia kidonge mdomoni, maana walikuwa wamesikilizwa asubuhi nzima na mtu asiyetazama saa. Kama walipozwa na vidonge au na kusikilizwa, sijui, na sitawadanganya.

Siku yangu ya kwanza nilirudishwa nyumbani. Nilikuwa nimejipamba kama inavyompasa mtu anayeanza kazi: nguo nimezifukiza udi, asumini kichwani, mafuta mazuri nyuma ya masikio. Mama Nduku alisimama mlangoni akakunja pua.

“Siti, wewe unanukia kama harusi.”

Nikamshukuru, nikidhani nimesifiwa.

“Hapana, enda nyumbani uoge kwanza. Hiyo harufu inaharibu dawa. Hapa hatutaki udi, hatutaki marashi, hatutaki ile mafuta ya kuchua kifua. Ukirudi na harufu ya sabuni peke yake, tutafanya kazi.”

Nilirudi nyumbani nimenuna. Kumwambia mwanamke wa kwetu aache udi ni kumwambia aache kuwa mtu. Lakini kazi niliitaka, basi nikaoga. Ilikuwa ndiyo sheria ya tiba ile, kwamba harufu kali huua nguvu ya dawa, na kibao kilitundikwa mlangoni kuwaonya wagonjwa. Mimi ndiye nilikuwa askari wa kibao hicho. Akija mtu amejifukiza, nilimsimamisha nje kwenye baraza na kumhudumia kwa mbali, awe nani awe nani. Baada ya muda pua yangu ikawa kali hata nikawa najua nani amepita barabarani kabla sijainua macho. Ishikeni habari hii ya pua.

Sheria nyingine zilikuwa za kuchekesha zaidi. Vidonge haviguswi kwa mkono, humiminwa kwenye kifuniko na kutiwa chini ya ulimi. Kinywa kiwe safi. Kahawa marufuku. Hapo kwenye kahawa ndipo wazee waliponigeuka. Mmoja alirudisha chupa dirishani kwa heshima zote, akasema yuko radhi abaki na mgongo wake unavyouma kuliko kukaa barazani na wenzake mikono mitupu. Na mwezi wa Ramadhani alikuja bibi mmoja wa kwetu Msambweni kuniuliza kama kidonge kinachoyeyuka chini ya ulimi, bila kumezwa, kinabatilisha saumu. Nikamwambia asubiri baada ya futari. Ya nini kutafuta mjadala na malaika kwa kitu kidogo hivyo?

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Kila mgonjwa, mkoba ukiwa tayari begani, aliuliza: “Na madhara yake?” Na katika tiba ile jibu lilikuwa moja, hapa Ukunda na kila mahali: “Haina madhara.” Lilikuwa jibu tamu, lilimpeleka mtu nyumbani na furaha. Nilikuja kulichukia kuliko jibu lolote duniani.

Si kwamba ni uongo mtupu. Kidonge kile kilichozimuliwa mpaka kikawa hakina kitu, hakina la kukufanya. Mtoto akiimaliza chupa, pengine tumbo litamvuruga kwa sukari ile, ambayo mara nyingi ni ya maziwa, na wale wasiopatana na maziwa tuliwaambia mapema. Lakini kabatini hamkuwa na vidonge peke yake. Kulikuwa na dawa za maji zilizotiwa spiriti, yaani kileo, na hizo nilizisema wazi kwa kila Mwislamu kabla hajanyoosha mkono, achague mwenyewe kati ya maji na vidonge. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini nasema. Wangeniuliza kama ningenyamaza.

Halafu zilikuwako zile chupa ambazo hazijazimuliwa hata kidogo, maji ya mmea wenyewe, ya kuchulia mahali palipoteguka. Mama mmoja wa Majoreni alipewa hiyo kwa kifundo cha mguu. Kufika nyumbani akaona kuchua kunakawia, na kwa kuwa dawa za kliniki ile hazina madhara, kila mtu asema hivyo, akainywa. Alitapika, moyo ukamwenda mbio, wakamkimbiza zahanati. Alhamdulillahi alipona, na aliponijia tena alinigombeza mimi. Tangu siku hiyo kila chupa ya kuchua ilitoka dirishani kwangu imefungwa shingoni kipande cha leso nyekundu. Anayejua kusoma na asiyejua, anayeona vizuri na mwenye mtoto wa jicho, wote wakajua chupa iliyovaa leso haiingii kinywani. Mama Nduku alipoziona mara ya kwanza aliuliza kama tunaziozesha waume. Mwisho yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akininunulia leso.

Lakini kubwa halikuwa chupani. Kubwa lilikuwa kauli moja ya tiba ile: “Itazidi kwanza, ndipo ipoe.” Maana yake, ukianza dawa na maumivu yakaongezeka kidogo, usiogope, ndiyo dawa inafanya kazi. Watu wa pwani waliipenda kauli hiyo kuliko watu wote, kwa sababu walikuwa nayo tayari nyumbani. Kwetu mtoto akitokwa na upele husemwa ugonjwa unatoka nje. Kidonda kikitoa maji, husemwa uchafu unatoka. Tukaja sisi na kibao na makoti meupe tukawapigia muhuri.

Hapo ndipo alipoingia Mzee Omari.

Mzee Omari alikuwa mpiga mnada wa samaki pale Shimoni wanaposhushia vyombo. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye sakafu ya saruji iliyolowa, kuanzia samaki wa kwanza mpaka wa mwisho, akipaza sauti. Kusimama ndiko kulikokuwa kazi. Mpiga mnada hakai kitini, maana akikaa haoni mikono ya wanunuzi wa nyuma. Watani wake walisema kisiwani Wasini huko ng'ambo watu hawanunui saa, humsikiliza yeye.

Alikuja Ukunda kwa sababu ya nyayo. Zilikuwa zikimwaka moto usiku, hapati usingizi. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, alipewa vidonge vyake hospitali ya Msambweni, akivimeza. Mama Nduku akamkalisha na kumhoji kama kawaida yake, na mimi dirishani nikisikia.

“Mzee wangu, ukilala unaota nini?”

“Naota samaki, daktari.”

“Na chakula, unapenda chumvi?”

“Daktari, mimi mtu wa Shimoni.”

Alipofika dirishani aliitazama chupa, akanitazama mimi. “Bi. Siti, mwampa mgonjwa wa sukari vidonge vya sukari?” Nikamweleza kwamba sukari iliyomo ni chembe, haifiki hata ile ya andazi moja, lakini swali ni zuri na angefaa kuuliza hivyo kila anapopewa kitu. Akataka kujua dawa yatengenezwaje. Nikamweleza habari ya tone ndani ya maji, na maji ndani ya maji. Uso wake ukakunjuka.

“Kumbe hili ni kombe.”

Ninyi wa mjini pengine hamjaliona kombe. Aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akayanywa maji yale. Maandishi huyaoni tena, lakini baraka unaitumaini. Tulicheka sote kwa mfano wake, hata Mama Nduku aliyekuwa mlokole wa kufunga na kuomba. Akasimama mlangoni, akamwambia, “Na zile dawa za hospitali usiache, mzee wangu.”

“Inshallah, daktari,” akajibu, kwa adabu kubwa, nasi tukaridhika.

Miezi ikapita. Asubuhi moja pua yangu iliniambia kuna mtu barazani kabla sijafungua dirisha. Ulikuwa udi, tena si udi wa mtu aliyejifukiza kwenda mjini. Ulikuwa mzito, umeganda mpaka kwenye nywele. Nikafungua dirisha nimekunja uso tayari. Alikuwa Zuhura, binti wa Mzee Omari, ambaye alikwisha kuja mara kadhaa kumchukulia babake dawa na sheria aliijua vizuri.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Lakini mbona waja hapa umejifukiza hivyo? Kibao hukioni?”

Akarudi nyuma hatua chache, ameona haya. “Niwie radhi, shangazi. Sikujifukiza mimi. Nyumba nzima ndiyo inafukizwa, kutwa. Ni kwa ajili ya mguu wa baba.” Kisha akatabasamu, akaniletea habari njema. “Dawa imeshika. Kidonda kimeanza kutoa uchafu. Baba asema ndiyo ile mliyomwambia, itazidi kwanza. Amenituma nichukue chupa nyingine.”

Mkono wangu ulikuwa umeshaifikia chupa. Ndiyo ilikuwa kazi yangu: mtu husema dawa imeshika, wewe unampa nyingine, mnaagana. Lakini udi ule ulinikaa puani. Nyumba haifukizwi kutwa kwa kidonda kinachopona. Nikaiacha chupa kabatini.

“Kidonda gani, Zuhura? Babako alikuja na nyayo zinazowaka.”

“Haziwaki tena. Alikanyaga mwiba wa samaki bandarini, wala hakusikia. Sasa kidole kimekuwa cheusi, lakini hakimuumi hata kidogo.”

Nikamuuliza swali ambalo sijaacha kuliuliza tangu hapo. Sikumuuliza babake anatumia nini. Nilimuuliza, “Na ameacha nini?”

“Ameacha zile za hospitali,” akasema, bila wasiwasi wowote. “Yuazimaliza hizi kwanza. Si kama kombe, shangazi? Kwetu mtu akinywa kombe hachanganyi na dawa nyingine mpaka amalize. Ni heshima.”

Mzee hakuzembea. Hakuwa mbishi wala mjinga. Aliziacha dawa za sukari kwa adabu, akitutukuza sisi, na adabu hiyo ilikuwa inamla mguu. Niliingia chumbani bila kubisha hodi, jambo ambalo Mama Nduku hakuwahi kulivumilia, nikamwambia yote kwa pumzi moja. Akamwomba radhi mgonjwa aliyekuwa naye, akachukua funguo za gari.

Njiani hadi Shimoni Mama Nduku akasema, “Siti, nilimwambia asiache.”

“Ulimwambia, naye akaitikia,” nikasema. “Hatukumuuliza.”

Mzee Omari alitupokea kwa furaha. Alikuwa amekaa kibarazani, mguu umefungwa kitambaa safi, chetezo cha udi kando yake. Alipotuona akasimama, na kutuonyesha kwamba amepoa akaukanyagia mguu ule chini kwa nguvu. Mama Nduku alifumba macho. Akapiga magoti kwenye mchanga, akafungua kitambaa. Sitawaeleza nilichoona. Kidole cha mwisho kilikuwa kimekufa, na wekundu ulikuwa unapanda juu ya mguu.

“Mzee wangu, twende hospitali. Sasa hivi.”

Uso wa mzee ukakunjamana. “Hospitali watakata. Rafiki yangu walimkata hapa,” akagusa chini ya goti, “na sasa yuakaa kitini nyumbani, husikii habari zake. Mimi nikikatwa ni nani atakayeniweka pale sokoni? Watanipiga mnada mimi mwenyewe.” Kisha akasema, “Na ninyi wenyewe ndio mliosema itazidi kwanza.”

Mama Nduku alijaribu. Alimweleza habari ya sukari kupanda, habari ya mishipa iliyokufa ndiyo maana hasikii maumivu. Alieleza vizuri, kwa upole, na mzee akasikiliza kwa upole vilevile, akitikisa kichwa: “Naam, daktari. Nikimaliza chupa hii, inshallah.” Niliijua inshallah ile. Ilikuwa ya adabu, kama ile ya kwanza. Zuhura alikuwa ameanza kulia nyuma ya mlango.

Nikaona haya yote ya mishipa hayataingia, kwa sababu mzee habishani na mishipa. Ana dawa ambayo hajaimaliza, na kuiacha katikati ni kumvunjia heshima aliyempa. Basi nikamuuliza kuhusu kombe.

“Mzee Omari, kombe likishaandikwa, ni nani mwenye kulikata? Mgonjwa?”

“La. Aliyeliandika.”

“Akisema limetosha?”

“Limetosha. Hapo wafanya upendalo.”

Nikamgeukia Mama Nduku, nikamwambia, “Wewe ndiye uliyetoa. Ichukue.”

Mama Nduku alinitazama. Yeye ambaye aliiamini tiba ile kuliko kitu chochote isipokuwa Biblia yake, nilikuwa namwomba aichukue dawa yake mkononi mwa mgonjwa mbele ya watu na kusema basi. Wako wengi, wenye shahada na wasio na shahada, ambao wangeona aibu. Yeye hakukawia. Alifuta mchanga magotini, akasimama mbele ya mzee, akanyoosha mikono miwili kama alivyowahi kuona watu wetu wakifanya.

“Mzee Omari, hii dawa ni mimi nilikupa. Imetosha. Mimi mwenyewe nimeimaliza leo. Nirudishie.”

Mzee aliitazama mikono ile. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kichupa, akakiweka kwenye viganja vya Mama Nduku. Na mkono uleule akaunyoosha upande wa mlango. “Zuhura, nishike mwanangu. Twende hiyo Msambweni.”

Sijawahi kusikia sentensi tamu kuliko hiyo, na mimi nimeolewa mara mbili.

Hospitali walimpokea vizuri. Daktari kijana aliyemkagua alituambia kidole hakina budi kutoka, lakini mguu, kwa kuwa amefika, wataupigania. Tulikaa kwenye benchi nje, Mlokole na Mwislamu, kila mmoja akiomba kwa njia yake, tukikataa kutazamana. Walimtia sindano za kushusha sukari, walimpa dawa za kuua ule uchafu aliokuwa akiushangilia, wakamsafisha kidonda kila siku. Niliogopa kila nilipokwenda kumwona. Kila nilipokwenda niliangalia kwanza shuka, kama lina miguu miwili chini yake. Na kila siku ilikuwa miwili. Ule wekundu ukaacha kupanda, ukasimama, ukaanza kurudi chini. Siku muuguzi aliponiambia anaruhusiwa kwenda nyumbani nilipiga vigelegele wodini hata nikaonywa. Niliporudi kwangu nilijifukiza udi wa kutosha mitaa miwili, na siku iliyofuata nikaenda kazini hivyohivyo nikinukia kama harusi. Mama Nduku alinusa, akanifungulia mlango.

Baada ya hapo kliniki ilibadilika, na nasema haya kifua mbele. “Haina madhara” ilikoma. Mtu akiuliza madhara, nilimwambia: kidonge hiki kidogo hakina nguvu ya kukudhuru, na kwa sababu hiyohiyo usikiachie kazi kubwa. Homa ipimwe malaria kwanza, ndipo tuzungumze. Hata wale wageni wa hoteli za Diani, waliokuja na vidonge vyao vya homeopathi vya kujikinga malaria kutoka kwao, Mama Nduku aliwapeleka kupimwa damu huku wakibisha kwa lugha zao. “Itazidi kwanza” ikafutwa vinywani mwetu. Badala yake tulisema: ikizidi, rudi leo, au nenda hospitali, usingoje. Na kila mgonjwa, kabla ya ndoto zake na chumvi yake, aliulizwa dawa gani ameacha, na kwa nini. Hamtaamini majibu tuliyopata. Huyu ameacha za presha kwa sababu anafunga. Yule ameacha za kifafa ili mchumba asizione. Wote walikuwa wameshatuambia, kwa adabu, kwamba wanaendelea nazo. Tuliwarudisha hospitali mmoja mmoja, na Msambweni wakatuzoea hata tukawa tunasalimiana kwa majina.

Kwa hiyo ninyi mnaouza majani na unga na matone kwa simu, mkiandika chini ya picha kwamba ni ya asili na haina madhara, nakuombeni jambo moja. Mteja akiwaambia imeshika, msifurahi upesi. Muulizeni ameacha nini, kisha mnyamaze mpaka ajibu. Wala msitegemee simu iwaeleze mengine, maana simu haina pua.

Wiki iliyopita nilikwenda Shimoni kutafuta samaki, changu. Kabla sijafika sokoni niliisikia sauti, imekwaruza kidogo kwa uzee lakini bado yaita bei juu ya vichwa vya watu. Mzee Omari alikuwa amesimama kwenye saruji ileile iliyolowa, safari hii na buti za mpira hadi magotini, maana Zuhura hamruhusu kutoka bila hizo. Ngisi mkononi, wanunuzi wamemzunguka. Aliponiona akasimamisha mnada. Watu wakageuka kutazama ni nani huyo aliyekatiza biashara.

“Bi. Siti,” akaita, “niulize.”

Wote wakangoja. Nikapaza sauti nami, sikuwa na aibu yoyote. “Mzee Omari, umeacha nini?”

“Kidole,” akasema. “Kimoja, Msambweni. Vingine vyote ninavyo hapa, na dawa zangu nimemeza asubuhi.” Akakanyaga chini kwa mguu ule, maji yakaruka, naye akamwinua ngisi juu akaendelea na bei pale alipoachia.